Juu 14, Chini 20

Natumai nguo uliyoivaa unapousoma ukurasa huu inakukaa barabara. Mimi kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nikija shuleni na sketi iliyoshikwa kwa pini mbili nyuma, chini ya sweta, mahali ambapo sikutarajia jicho la mtu lifike. Nyongani ilinibana, kiunoni ilipwaya hata ungeweza kutumbukiza daftari. Kila nilipokimbilia kengele ya asubuhi (sisi wanafunzi wa kutwa mnatujua) mkono mmoja ulishika mkoba na mwingine ulishika sketi. Nilidhani Mungu alinikata vibaya. Hadi siku nilipoiharibu nguo ya mama ndipo nilipofahamu kwamba aliyekosea si Mungu, ni karatasi.

Karatasi ninayoisema ni ile ya kukatia nguo, ambayo mafundi huiita patani. Wenzangu waliochagua Sayansi Kimu wanaijua. Wengine nitawaeleza kwa ufupi. Ni karatasi nyepesi iliyochorwa vipande vya nguo: mbele, nyuma, mkono, kola. Unaitandaza juu ya kitambaa, unaishika kwa pini, kisha unafuata mistari kwa makasi. Aghalabu karatasi moja huwa na mistari mitatu au minne iliyoandamana, kila mstari na saizi yake. Nyuma ya bahasha pana jedwali linalokuambia saizi hii ni ya kifua cha inchi ngapi, kiuno ngapi na nyonga ngapi.

Basi, dada yangu mkubwa alipokaribia kuolewa, mama alinunua mita nne za kitambaa cha zambarau akaniambia, "Wewe si ndiye unasomea kushona? Haya, nishonee." Moyo ulinidunda kwa furaha. Mwalimu aliniazima bahasha ya gauni kutoka kabati la darasani, nami nikampima mama. Nilimpima mahali pamoja tu, nyongani, kwa kuwa siku zote nimemsikia akilalamika kwamba nguo za dukani humbana hapo. Tepu ikasema inchi 44. Nikatazama jedwali: nyonga 44, saizi 20. Nikaufuata mstari wa 20 kuanzia shingoni hadi kwenye upindo, wala sikumwuliza mtu.

Lo! Mama alipolivaa, chini lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Juu palikuwa na kilio. Mshono wa bega ulikuwa umeteremka hadi nusu ya mkono, shingo imepanuka kama mdomo wa gunia, na chini ya kwapa angeweza kupita kuku. Alijigeuza mbele ya kioo mara mbili tatu. Nilingoja aniambie, "Hili gauni umenishonea mimi ama umemshonea jirani?" Hakusema hivyo. Alisema tu, "Asante, mwanangu," akafungua sanduku, akatoa mtandio. Harusi ilikuwa mchana wa jua kali. Katika picha zote ameushika mtandio shingoni kwa mkono wa kushoto. Picha moja imetundikwa sebuleni, nami huitazama kila jioni nikifanya kazi za shule.

Wiki iliyofuata nililipeleka gauni hilo kwa fundi mmoja anayeshonea kwenye baraza ya duka, karibu na stendi ya matatu.

"Shikamoo, fundi. Nataka unipunguzie mabega."

"Marahaba." Akaligeuza nje ndani, akalitazama, akacheka kwa huruma. "Binti, mabega hayapunguzwi kama upindo. Nikigusa bega lazima niubandue mkono. Nikiubandua mkono, shimo lake limebadilika. Nikibadilisha shimo, shingo nayo inanifuata. Afadhali nikushonee jingine. Lakini ungekuja na gauni linalobana chini, ningefungua mishono miwili ya ubavuni tu, uende zako."

Maneno ya mzee huyo ndiyo kiini cha makala haya. Nguo inayoning'inia mabegani, kama vile gauni, blauzi, shati au koti, ichagulie saizi kwa kutazama mabega na kifua, kisha urekebishe chini. Nguo inayoning'inia kiunoni, yaani sketi na suruali, ichagulie kwa nyonga, kisha urekebishe kiuno. Juu ya gauni pana shingo, mabega, mashimo ya mikono, na mikono yenyewe ambayo lazima iingie katika mashimo hayo bila kuzidi wala kupungua. Ukigusa kimoja umegusa vyote. Chini pana mishono miwili inayoteremka ubavuni, basi. Mimi nilifanya kinyume: nikapata sawa palipo rahisi, nikakosea palipo pagumu.

Lakini kwa nini karatasi isimtoshe mama juu na chini kwa pamoja? Swali hili lilinisumbua hata nikatafuta vitabu. Karatasi za kukatia zilizotolewa kwa saizi mbalimbali zilianza mwaka 1863 kwa fundi mmoja wa Massachusetts, Marekani, aitwaye Ebenezer Butterick. Zilizokuwapo kabla yake aghalabu zilikuwa za saizi moja, kila mshonaji ajipanulie au ajipunguzie mwenyewe. Baadaye, mwaka 1939 na 1940, serikali ya Marekani kupitia Wizara yake ya Kilimo (ndiyo, ya Kilimo, nami nilisoma mara mbili) iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili saizi za nguo zipate msingi. Walioongoza kazi hiyo walikuwa Ruth O'Brien na William Shelton, na ripoti yao ilitoka mwaka 1941. Vipimo vilivyotumiwa vilikuwa vya wanawake weupe wa nchi hiyo. Nyanya yangu hakupanga foleni pale.

Sasa tazama jedwali lililo nyuma ya bahasha za Simplicity, McCall's na Butterick. Saizi 14 ni kifua 36, kiuno 28, nyonga 38. Saizi 16 ni 38, 30, 40. Saizi 18 ni 40, 32, 42. Saizi 20 ni 42, 34, 44. Umeona? Kila saizi, nyonga zimezidi kifua kwa inchi 2. Ukipanda saizi unapanuka kote kwa pamoja, kama puto. Mama yangu kifua ni 36, kiuno 32, nyonga 44. Kwake nyonga zimezidi kifua kwa inchi 8. Hakuna mstari wake katika bahasha ile. Kifuani ni mtu wa 14, kiunoni ni wa 18, nyongani ni wa 20. Na si yeye peke yake. Simama sokoni siku ya soko utazame akina mama wanaopita, uniambie ni wangapi wenye tofauti ya inchi 2.

Fundi wa barazani hana taabu hii kwa kuwa hana karatasi. Yeye hupima, hugawanya kwa nne, huongeza kidogo ya kupumulia, kisha huchora kwa chaki juu ya kitambaa. Kwa nini kwa nne? Kwa sababu gauni lina mbele na nyuma, na kila kipande hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili, hivyo anachochora ni robo ya mtu. Robo ya kifua cha mama ni inchi 9 na robo ya nyonga zake ni inchi 11. Kutoka kifuani kwenda nyongani mstari wake wa ubavu unatoka nje inchi 2. Karatasi inatarajia utoke nusu inchi tu. Upungufu ni inchi moja na nusu kwa kila robo. Iweke hesabu hiyo akilini, tutairudia.

Kwanza upimaji, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Usijipime mwenyewe, ukiinamisha shingo kusoma tepu mwili wote umepinda. Mwite rafiki. Vaa nguo nyepesi. Funga uzi kiunoni, uzunguke kidogo, ujikalie wenyewe mahali kiuno kilipo hasa, ambapo mara nyingi si pale tunapofungia mshipi. Kisha pima kifua palipojaa zaidi. Pima pia kifua cha juu, tepu ikipita chini ya makwapa na juu ya matiti. Ikiwa kifua kilichojaa kinazidi kile cha juu kwa zaidi ya inchi 2, chagua saizi kwa kile cha juu ili mabega yakukae, kisha karatasi ipanuliwe kifuani peke yake; hilo ni somo refu na sitalimaliza hapa. Pima nyonga palipojaa zaidi, kwa kawaida inchi 7 hadi 9 chini ya uzi wa kiunoni, na uandike ni inchi ngapi chini, kwa sababu karatasi nayo ina mahali pake pa nyonga na huenda yakatofautiana. Halafu, akina dada, tuache kuvuta tumbo ndani tunapopimwa. Tepu hudanganyika, zipu haidanganyiki.

Kuna mtego mmoja hapa. Vipimo vya jedwali ni vya mwili, si vya nguo. Karatasi yenyewe ukiipima utakuta imezidi jedwali, kwa kuwa imeongezewa nafasi ya kupumua, kukaa na kuinua mkono. Basi linganisha mwili na jedwali, usilinganishe mwili na karatasi. Nilimwona mwenzangu mmoja darasani akipima karatasi, akaona inalingana na mwili wake kabisa, akafurahi, akakata. Nguo ilimwingia, lakini hakuweza kuketi nayo.

Sasa kazi yenyewe. Ikiwa karatasi yako ina mistari ya saizi kadhaa, mambo ni mepesi. Usiikate karatasi ya shule. Inakili kwenye gazeti au karatasi ya kaki. Kwa mama nilianzia shingo, bega, shimo la mkono na ubavu wa kifua vyote kwa mstari wa 14. Mstari wa ubavu ulipofika kama inchi 2 chini ya kwapa, nikaanza kuuacha mstari wa 14 polepole kuelekea nje. Kiunoni nikaugusa wa 18. Nyongani nikaugusa wa 20, na kutoka hapo nikaufuata wa 20 mpaka chini. Neno "polepole" nimelisema makusudi. Ukiruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine kwa pembe kali, pembe hiyo itaonekana ubavuni kama kiwiko. Mchoro uwe wa kupinda taratibu. Wenye pesa wana rula maalumu ya kupindia. Mimi nilitumia ukingo wa sinia la chai.

Ufanye vivyo hivyo mbele na nyuma. Kisha uiweke mistari miwili ya ubavu pamoja, ule wa mbele juu ya ule wa nyuma, uone kama urefu ni mmoja. Mstari uliopinda zaidi huwa mrefu zaidi, na usipoangalia utafika mwisho wa mshono ukute kitambaa cha upande mmoja kimebaki kinaning'inia.

Ikiwa karatasi ina saizi moja tu, ndipo hesabu ya robo inapotufaa. Chukua kipimo cha mwili, toa kile cha jedwali, gawa kwa nne. Nyonga za mama: 44 toa 38 ni 6, gawa kwa nne ni inchi moja na nusu. Kiuno: 32 toa 28 ni 4, gawa kwa nne ni inchi moja. Bandika ukanda wa gazeti kwenye ubavu wa karatasi, tia nukta inchi moja nje kiunoni, nukta nyingine inchi moja na nusu nje nyongani, kisha uziunge kwa mstari unaopinda kutoka chini ya kwapa. Chini ya nyonga teremka sambamba na mstari wa zamani hadi kwenye upindo. Usirudi ndani, la sivyo gauni litashika mapaja.

Je, unaweza kuongeza ubavuni kadiri upendavyo? La. Ukizidi sana, ubavu hutokeza kama masikio ya sufuria, huku katikati ya kipande pamebaki kama palivyokuwa. Mimi sasa hufuata kanuni hii: kila ukingo ukitaka zaidi ya inchi moja, ziada ya inchi hiyo haiendi ubavuni, inaenda katikati. Chora mstari kutoka upindoni kwenda juu hadi kiunoni, katikati ya kipande, sambamba na ule mshale unaoonyesha uzi wa kitambaa. Ukate, lakini kiunoni acha karatasi ishikane kidogo tu kama bawaba ya mlango. Kisha ufungue. Ukifungua nusu inchi nyongani, inchi 8 chini ya kiuno, basi upindoni, inchi 24 chini ya kiuno, patakuwa pamefunguka inchi moja na nusu. Ndiyo kusema gauni litatanuka chini kama kengele. Kwa wengi hilo ni pambo. Usipolipenda, punguza ubavuni kuanzia nyonga kwenda chini, lakini acha nafasi ya kupiga hatua na kupanda matatu.

Jambo jingine ambalo vitabu vyetu hulipitia haraka, nami naona ndilo lenye maana kwetu. Inchi 44 za mama hazikugawanyika sawa mbele na nyuma. Nilipopima kutoka ubavu hadi ubavu, mbele palikuwa na 21 na nyuma 23. Karatasi ya 38 ni kama 19 mbele na 19 nyuma. Kwa hiyo mbele panahitaji nyongeza ya 2, yaani inchi moja kila upande, na nyuma panahitaji 4, yaani inchi mbili kila upande. Ukigawa sawa tu, nguo itaingia, lakini mshono wa ubavu utakimbilia nyuma kana kwamba kuna mtu anauvuta. Tazama sketi za wenzako foleni ya asubuhi utauona mshono huo. Inchi mbili za nyuma nilizigawa: moja ubavuni, moja katikati kwa ile njia ya bawaba.

Na si upana tu. Mwili uliojaa nyuma hula urefu pia. Ndiyo sababu sketi nyingi nyuma huwa fupi kuliko mbele, halafu mtu analaumiwa kwamba amekata sare ili ajionyeshe. Kabla ya kumwita msichana huyo mbele ya wenzake, tafadhali mtazame kando: kama upindo uko chini mbele na juu nyuma, hakukata kitu, kitambaa kimepanda mlima. Dawa yake ni kuikata karatasi ya nyuma kwenye mstari wa nyonga, kutoka katikati ya mgongo kuelekea ubavuni bila kufika mwisho, na kuifungua inchi moja au zaidi upande wa mgongo. Hii hufaa zaidi nguo yenye mshono katikati ya mgongo, kwa kuwa mstari huo sasa utapinda kidogo na hauwezi tena kukatwa kwenye kunjo la kitambaa.

Gauni lenye mshono kiunoni lina taabu yake. Juu na chini ni nguo mbili zinazokutana. Unaweza kukata juu kwa 14 na sketi kwa 20, na watu wengi hufanya hivyo wakidhani wamemaliza. Wamesahau kwamba kiuno cha juu ni 28 na cha sketi ni 34. Inchi 6 ziende wapi? Mwenye kiuno cha 32 ataongeza 4 kwenye vipande vya juu kwa ubavuni, akianzia chini ya kifua, na kupunguza 2 kwenye sketi. Sketi usiipunguze ubavuni peke yake, maana utaharibu mpindo wa nyonga. Tumia dati, ile mikunjo yenye ncha inayoshonwa kutoka kiunoni kwenda chini. Sketi yenye dati nne, kila moja ukiipanua nusu inchi, umekwisha kula zile inchi 2, na nyonga haikuguswa. Mkunjo ukiwa mnene mno, gawa uwe miwili. Pale pasipo na mshono, kama gauni la mama, hakuna haja ya kupatanisha chochote, na kwa anayeanza ningemshauri aanzie hapo.

Wako pia wenye shida iliyo kinyume. Rafiki yangu anayecheza voliboli ana mabega ya kupiga mpira na nyonga za kijana: kifua 38, nyonga 36. Kwake mambo ni yale yale, ila kalamu inaingia ndani. Saizi 16 kwa kifua, nyonga zake zimepungukiwa inchi 4 na jedwali, basi inchi moja inatoka kila ukingo. Kanuni ya kuchagua haibadiliki: kwa gauni tuliangalia kifua, kwa sketi yake ya michezo tuliangalia nyonga. Wavulana nao msicheke. Shati lenu limekatwa kama boksi. Mwenye mabega mapana akilichomeka ndani ya suruali linamfanya kama amebeba unga mgongoni. Dati mbili ndefu mgongoni hulituliza. Na wale wenye vitambi, ambao koti limekaa mabegani lakini vifungo havifiki, wengine wako katika chumba cha walimu, kwa hiyo nitaishia hapo nisije nikaitwa ofisini.

Sketi yangu ya pini mbili je? Ile ilikwisha kushonwa, karatasi haikuwa na nafasi tena. Ilikuwa imenunuliwa kwa nambari ya kiuno, nyonga zikateseka, mama akanunua kubwa zaidi, kiuno kikapwaya inchi 2. Nilifumua mshipi wake wa kiunoni. Sketi ina marinda 16. Kila rinda nililiongezea mkunjo kwa moja ya nane ya inchi hapo juu tu, nikaliacha lifunguke kama kawaida chini. Kumi na sita mara moja ya nane ni 2. Hakuna aliyeona tofauti, na kwa mara ya kwanza nilifika shuleni mikono yote miwili ikiwa huru.

Kabla hujakata kitambaa cha thamani, shona kwanza nguo ya majaribio. Shuka kuukuu linatosha, na sokoni kwenye mitumba utapata lililochakaa kwa bei ya chini. Usilipige cherehani sana; piga bandi tu kwa mkono, lenye mishono mirefu ya kufumuka upesi. Mvalishe mwenyewe, mwambie asimame, aketi, apande ngazi, ainue mikono kama anayetundika pazia. Palipo na mikunjo ya kulala inayovuta ubavu hadi ubavu, panabana. Palipo na mikunjo inayoning'inia, pamezidi. Chora hapo hapo kwa kalamu, fumua, hamishia alama kwenye karatasi. Na ukikata kitambaa chenyewe acha ubavuni inchi nzima ya mshono badala ya ile tano ya nane inayoonyeshwa na karatasi nyingi. Miili yetu bado inakua, na akina mama nao hawabaki walivyokuwa.

Nilirudia gauni la mama muhula uliofuata, safari hii kwa kitenge nilichokinunua kwa akiba ya nauli, baada ya kutembea kwa miguu kwenda na kurudi kwa wiki kadhaa. Shuka la majaribio alilivaa mara tatu. Mara ya pili alianza kunung'unika, "Sasa mimi nimekuwa sanamu ya dukani?" lakini alisimama. Alilivaa gauni lenyewe siku ya wazazi, hapa hapa shuleni. Mimi nilikuwa nyuma na wanakwaya, nikamwona akiketi safu ya tatu. Mshono wa bega ulikuwa begani. Mtandio aliuacha nyumbani.

Bahasha ya shule nimeirudisha kabatini. Kwa idhini ya mwalimu nimeuacha mstari wa penseli kwenye karatasi yake, unaoanzia 14 chini ya kwapa, ukapita 18, ukaishia 20. Ukiiazima utauona. Tafadhali usiufute.